Kufanana Si Kuzaliwa Pamoja: Funzo la Lugha za Kialtai kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Katika mojawapo ya vipindi vyetu vya majadiliano kuhusu chimbuko la Kiswahili, mwanafunzi mmoja alisimama akaitetea kwa ujasiri ile nadharia kongwe inayodai kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa. Hoja yake ilikuwa moja tu: maneno. Alitaja kitabu, kalamu, saa, dunia, habari, akili na wakati, kisha akauliza ni vipi lugha inayosoma, kuandika, kupima muda na kufikiri kwa maneno ya Kiarabu itaitwa ya Kibantu. Sisi tuliokuwa upande wa pili tulimjibu kwa hesabu. Tulichukua gazeti, tukahesabu maneno ya aya mbili, tukatangaza kwamba ya Kibantu yalikuwa mengi kuliko ya kigeni, tukapigiwa makofi, tukaketi. Nilitoka ukumbini nikiwa miongoni mwa washindi, lakini moyo haukutulia. Je, lau tungechukua aya ya mahubiri ya msikitini au ya hukumu ya kadhi, na hesabu ikageuka, tungekubali kwamba Kiswahili kimebadilisha wazazi?

Makala haya yanashikilia kwamba jibu letu siku ile lilikuwa sahihi kwa hitimisho lakini bovu kwa njia. Yanashikilia pia kwamba ubovu huo ni wa hatari, kwa sababu lugha ikitetewa kwa hoja dhaifu huachwa wazi kwa adui wa kesho. Maadam nyani haoni kundule, si vibaya tujitazame kwa kioo cha wengine. Kioo ninachokipendekeza kiko mbali, katika nyika za Asia, ambako wanaisimu wamebishana kwa takriban karne tatu kuhusu nasaba ya lugha ziitwazo za Kialtai.

Ukoo unaodaiwa

Milima ya Altai imekaa pale Urusi, Mongolia, Kazakhstan na Uchina zinapokutana. Kutokana na jina lake imezuka nadharia inayodai kwamba makundi matatu ya lugha yalizaliwa na mzazi mmoja. Kundi la kwanza ni la Kituruki, linaloanzia Uturuki, likapitia kwa Waazerbaijani, Wauzbeki, Wakazakhi na Wauighuri, hadi kwa Wayakuti wa kaskazini mashariki mwa Siberia. La pili ni la Kimongolia. La tatu ni la Kitungusi, lenye Kimanchu, lugha ya ukoo wa mwisho wa kifalme uliotawala Uchina hadi 1912, pamoja na lugha kadhaa za wawindaji na wafugaji wa Siberia. Wako pia wanaoongeza Kikorea na Kijapani.

Historia ya dai hili ina watu wa ajabu. Philip Johan von Strahlenberg alikuwa afisa wa jeshi la Uswidi. Baada ya nchi yake kushindwa na Urusi huko Poltava mnamo 1709, alijikuta mateka katika mji wa Tobolsk, Siberia. Badala ya kukaa akilia, alikusanya maneno ya lugha za watu waliomzunguka, na mnamo 1730 akachapisha kitabu mjini Stockholm kilichozipanga lugha hizo katika makundi. Karne moja baadaye Matthias Castrén wa Ufini alizunguka Siberia akiwa mgonjwa, akaandika sarufi za lugha nyingi ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa, na akafariki mnamo 1852 akiwa na umri wa miaka 38 tu. Kwake yeye, Kifini, Kihungaria, Kituruki, Kimongolia na Kimanchu zote zilikuwa za jamii moja. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Mfini mwingine, G. J. Ramstedt, aliyekuja kuwa mwakilishi wa nchi yake nchini Japani, aliziacha kando Kifini na Kihungaria, akayashikilia yale makundi matatu na kuongeza Kikorea. Mwanafunzi wa fikra hizo, Nicholas Poppe, alitoa sarufi linganishi ya lugha za Kialtai mnamo 1960.

Hawa hawakuwa wababaishaji. Walizijua lugha hizi kwa kuzisema, si kwa kuzisoma kamusini tu. Ndiyo maana kosa lao, kama ni kosa, linafaa kutufunza.

Tukipime Kiswahili kwa mizani hiyo

Aghalabu anayeulizwa ni kwa nini lugha za Kialtai huhesabiwa kuwa ndugu hutaja mambo matatu. Kwanza, zote ni lugha ambishi, yaani huunganisha viambishi kimoja baada ya kingine, kila kimoja na kazi yake. Katika Kituruki cha Uturuki, evlerimizde lina maana ya "katika nyumba zetu": ev ni nyumba, -ler ni wingi, -imiz ni yetu, -de ni mahali. Pili, zina mvutano wa irabu, yaani irabu ya kiambishi hufuata irabu ya mzizi. Nyumba ni evler ilhali farasi ni atlar. Tatu, zina maneno mengi yanayofanana.

Sasa, msomaji mpenzi, tukipime Kiswahili kwa mizani hiyo hiyo. Je, Kiswahili ni lugha ambishi? Neno hatutawapikia linajibu lenyewe: ha-tu-ta-wa-pik-i-a. Je, kina mvutano wa irabu? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba tunasema pikia na imbia, lakini semea na somea, kwa kuwa kiambishi cha kutendea hufuata irabu ya mzizi. Je, kina maneno yanayofanana na ya Kituruki? Hapa ndipo mtu hushangaa. Kitabu kwao ni kitap, kalamu ni kalem, saa ni saat, dunia ni dünya, habari ni haber, wakati ni vakit, akili ni akıl, hesabu ni hesap, mahakama ni mahkeme, askari ni asker. Hata neno letu afande asili yake ni efendi la Kituruki.

Kwa vigezo hivyo vitatu, Kiswahili kingeingia katika ukoo wa Kialtai bila kubisha hodi! Hakuna mwanaisimu anayedai hivyo. Tunajua kwamba orodha ile ya maneno ilitoka kwa Waarabu ikaelekea kaskazini kwa Waturuki na kusini kwetu. Tunajua kwamba uambishaji ni tabia ya lugha nyingi duniani zisizohusiana hata kidogo, na mvutano wa irabu vivyo hivyo. Kinachotuokoa na kosa ni kwamba historia ya Waarabu, Waturuki na Waswahili imeandikwa na tunaisoma. Je, pale ambapo historia haikuandikwa, ni nani atakayetuonya?

Ng'ombe aliyevuka mipaka

Mtetezi wa Kialtai atasema, na ana haki ya kusema, kwamba hoja yake haikomei kwenye maneno ya dini na elimu. Yako maneno ya ufugaji na ya maumbile ambayo yanaonekana kushikamana kwa kanuni. Mfano maarufu ni neno la ng'ombe dume. Kituruki husema öküz. Kichuvashi, lugha ya kundi hilo hilo la Kituruki inayozungumzwa kando ya mto Volga, kina r mahali ambapo wenzake wana z, nacho husema văkăr. Kimongolia cha maandishi kina üker. Je, si dhahiri kwamba sauti r ndiyo ya kale, na kwamba Kimongolia na Kituruki zilirithi neno moja kutoka kwa babu mmoja?

Yamkini ingekuwa dhahiri, lau si Kihungaria. Wahungaria nao humwita mnyama huyo ökör, kwa r ile ile. Nasaba ya Kihungaria inajulikana vyema, nayo si ya Kituruki wala ya Kimongolia. Wahungaria waliishi jirani na makabila yaliyosema lugha ya jamii ya Kichuvashi kabla ya kuhamia makao yao ya sasa mwishoni mwa karne ya tisa, na huko ndiko walikokopa neno hilo pamoja na mengine, kama árpa, yaani shayiri, ambayo Kituruki huiita arpa na Kimongolia arvai. Ikiwa Wahungaria waliweza kulikopa neno la ng'ombe kutoka kwa Waturuki wa aina hiyo, ni kipi kilichowazuia Wamongolia? Ndivyo alivyouliza Gerard Clauson katika makala yake ya 1956, na ndivyo alivyoonyesha Gerhard Doerfer kwa utafiti mrefu wa maneno ya Kituruki na Kimongolia yaliyoingia katika Kiajemi. Wafugaji wa nyika zile waliishi pamoja, wakatawalana na kuoana kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Ajabu ingekuwa kama lugha zao hazingefanana.

Fauka ya hayo, ukoo wa kweli una tabia moja: ukirudi nyuma, ndugu hukaribiana. Maandishi ya Kituruki yaliyochongwa kwenye mawe katika bonde la Orkhon ni ya karne ya nane, na maandishi makongwe marefu ya Kimongolia ni ya karne ya kumi na tatu. Wapinzani wa nadharia hii wanasema kwamba ukizilinganisha lugha hizo katika hali zake za kale, kufanana hupungua badala ya kuongezeka. Hiyo si sura ya ndugu walioachana. Ni sura ya majirani waliozoeana.

Chukua pia neno la damu, ambalo ni shida kulikopa kwa kuwa kila jamii ina damu yake. Kituruki ni kan, Kimongolia tsus, Kimanchu senggi, Kikorea pi, Kijapani chi. Au hesabu moja hadi tatu: Kituruki bir, iki, üç, Kimongolia neg, khoyor, gurav, Kimanchu emu, juwe, ilan. Ulinganishe ukimya huo na tatu ya Kiswahili, kuthathu ya Kizulu na gatatu ya Kinyarwanda, lugha zilizotengana kwa maelfu ya kilomita.

Ndugu wasiofanana

Upande wa pili wa funzo hili uko kwa Kihungaria na Kifini. Mtu akizisikia lugha hizi mbili hatambui udugu wowote, na wasemaji wake hawaelewani hata kwa neno. Hata hivyo, tangu János Sajnovics alinganishe Kihungaria na Kisami mnamo 1770, na Sámuel Gyarmathi akafuata mnamo 1799, udugu wa lugha za jamii hii umethibitishwa kiasi kwamba leo hauna mpinzani wa maana katika isimu. Umethibitishwa kwa nini? Kwa kanuni. Pale ambapo Kifini kina k mbele ya irabu za nyuma, Kihungaria kina h: samaki ni kala na hal, tatu ni kolme na három, kibanda kwa Kifini ni kota na nyumba kwa Kihungaria ni ház. Mbele ya irabu za mbele, k hubaki: mkono ni käsi na kéz, jiwe ni kivi na kő. Pale ambapo Kifini kina p mwanzoni, Kihungaria kina f: mti ni puu na fa, kichwa ni pää na fej, kiota ni pesä na fészek. Si kufanana kunakothibitisha. Ni kutofanana kwenye mpango.

Udugu huu haukuwapendeza Wahungaria wote. Katika miaka ya 1870 na 1880 palizuka mjadala mkali uliokuja kuitwa vita vya Kiugri na Kituruki. Upande mmoja alikuwapo Ármin Vámbéry, aliyetaka asili ya Kituruki, na upande wa pili József Budenz, aliyetetea asili ya Kifini na Kiugri. Wengi nje ya vyuo walimpenda Vámbéry. Kuwa ndugu wa wapanda farasi waliotikisa falme kulipendeza kuliko kuwa ndugu wa wavuvi wa kaskazini, udugu ambao watu waliudhihaki kwamba unanuka mafuta ya samaki. Nchini Uturuki nako, katika miaka ya 1930, palitolewa ile iliyoitwa Nadharia ya Lugha ya Jua, iliyotaka kuonyesha kwamba chimbuko la lugha za binadamu ni Kituruki. Ilijadiliwa katika kongamano la lugha la 1936, na baada ya kifo cha Atatürk mnamo 1938 ikazimika kimya kimya. Ama kwa hakika, mtu akichagua babu kwa kutazama fahari yake, isimu hugeuka kuwa mapambo.

Msimamo wangu

Haki inanilazimu niseme kwamba mjadala wa Kialtai haujafungwa kabisa. Viwakilishi vya nafsi vina mfanano usiopuuzika: mimi kwa Kituruki ni ben, kwa Kimongolia bi, kwa Kimanchu bi, wewe ni sen, chi na si. Lakini hata hapo Kifini kinasema minä na sinä, kwa hiyo ushahidi huo unathibitisha ama zaidi ya kilichodaiwa, ama pungufu. Mnamo 2003 Sergei Starostin, Anna Dybo na Oleg Mudrak walichapisha kamusi kubwa ya asili ya maneno ya Kialtai. Miaka miwili baadaye Alexander Vovin, aliyekuwa ameiamini nadharia hiyo, aliihakiki kamusi hiyo kwa ukali na kuukana ukoo wenyewe. Mnamo 2021 Martine Robbeets na wenzake walitumia lugha, akiolojia na chembe za urithi katika jarida la Nature kudai kwamba lugha hizi, zikiwemo Kijapani na Kikorea, zilienea pamoja na wakulima wa mtama mdogo kutoka bonde la mto Liao Magharibi takriban miaka elfu tisa iliyopita. Mwaka uliofuata kundi jingine la wataalamu likaupinga ushahidi huo kwa aina zake zote tatu.

Mimi nasema hivi: ukoo wa Kialtai haujathibitishwa, na kutothibitishwa si sawa na kukanushwa. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba lugha mbili hazikuwahi kuwa na babu mmoja. Anayedai udugu ndiye anayedaiwa ushahidi, na mpaka atakapoutoa, jina la heshima kwa lugha hizi ni majirani.

Turudi ukumbini

Sasa tumrudie yule mwenzetu aliyetaja kitabu na kalamu. Tulipaswa kumjibuje? Si kwa kuhesabu. Kiingereza kimejaza kamusi yake kwa maneno ya Kifaransa na Kilatini kupita yale ya asili yake, na bado ni lugha ya Kijerumani kwa nasaba. Wala si kwa kusema tu kwamba Kiswahili kina viambishi, maana Kituruki kinavyo. Wala hata nambari hazitoshi zikiachwa peke yake, kwa kuwa sita, saba na tisa tulizikopa tukiwa tumekaa na moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zetu.

Tulipaswa kumwonyesha kanuni. Luganda husema omuntu, ekintu na enkoko. Kiswahili husema mtu, kitu na kuku. Luganda husema embwa na embuzi. Kiswahili husema mbwa na mbuzi. Nazali imedondoka mbele ya sauti sighuna na kubaki mbele ya sauti ghuna, nayo huponea mbele ya sighuna pale tu inapobeba mkazo yenyewe, kama katika nta. Mpango kama huu hauletwi na jahazi. Tulipaswa pia kumwonyesha ngeli, si kwamba zipo tu, bali kwamba umbo la viambishi vyake na mpangilio wa umoja na wingi vinalingana lugha kwa lugha: mtu na watu, omuntu na abantu, mũndũ na andũ. Hata ndani ya nyumba yetu wenyewe, anayesikia mato, teka na mtanga kwa Kimvita, na macho, cheka na mchanga kwa Kiunguja, hahitaji kuambiwa kwamba ana kanuni mkononi.

Jambo la mwisho linatuhusu sote tunaosoma na wanaotufunza. Jina la Joseph Greenberg tunalikariri kama aya ya msahafu, kwa ajili ya ule uainishaji wake wa 1963 ulioigawa Afrika katika jamii nne za lugha. Wangapi kati yetu tunajua kwamba Greenberg huyo huyo, kwa mbinu ile ile ya kulinganisha maneno ya lugha nyingi kwa mpigo, alitoa majuzuu mawili mnamo 2000 na 2002 akiziweka lugha za Kialtai, Kijapani, Kikorea, Kifini na za Kihindi-Kiulaya katika ukoo mmoja mkubwa, na kwamba wanaisimu wengi hawakumfuata? Barani Afrika, makundi yake ya Niger-Kongo na Afro-Asia yamesimama kwa jumla. Lile la Khoisan wataalamu wengi wamelivunja, na lile la Nailo-Sahara lingali linabishaniwa. Hata hivyo, katika daftari nyingi zetu yote manne yameandikwa kwa wino wa aina moja, kana kwamba yana uhakika sawa.

Dai kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni halikuwa kamwe mjadala wa maneno pekee. Limetumiwa kuwanyima watu wa pwani sifa ya kazi ya mikono yao, kuanzia miji hadi mashairi, na kuwafanya waonekane wapita njia nyumbani kwao. Dai zito namna hiyo halijibiwi kwa kuhesabu maneno ya gazeti. Idara zetu na zikifundishe kizazi hiki isimu historia kwa kanuni zake, pamoja na mijadala iliyoshindikana, sio orodha za majina na miaka tu. Nami nikikutana tena na yule mwenzetu, nitamwomba radhi kwa makofi ya siku ile, kisha nimwonyeshe mtu, kitu na kuku.